Watengenezaji magari dhaifu wanapoungana: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wawekezaji wa Mwanza

Ukurasa huu ni wa mwekezaji mdogo wa Mwanza, Musoma, Bukoba na miji mingine ya ziwani: mwenye daladala, mwenye Fuso mbili tatu, muuza spea, au mwanachama wa kikundi cha akiba anayeanza kutazama hisa za nje. Kila kampuni mbili za magari zinapotangaza kuungana, maswali ni yaleyale. Mifano ya kampuni zilizotajwa kwa jina ni halisi. Hesabu za kubuni tumesema wazi kuwa ni za kubuni.

Kwa nini kampuni mbili zenye hali mbaya ziungane? Hasara mbili si zitazaa hasara kubwa zaidi?

Zitazaa, kama hakuna kitakachofungwa. Ili kuona mantiki yao, tazama viwanda vya minofu ya sangara hapa Mwanza. Samaki wanapopungua, kiwanda kinaendelea kulipa umeme wa vyumba vya baridi, walinzi, wakaguzi wa ubora na mkopo wa benki, hata kama mashine zinafanya kazi nusu siku. Viwanda viwili vya namna hiyo vikipeleka samaki wao wote sehemu moja na kufunga mlango wa pili, gharama inagawanywa kwa kilo nyingi zaidi. Magari ni hivyohivyo, ila gharama ya kudumu ni kubwa mno: mashine za kubonyeza mabati, mtambo wa rangi, wahandisi, vipimo vya usalama, mafundi wenye mikataba mirefu.

Chukua mfano wa kubuni. Kila kampuni ina kiwanda chenye uwezo wa magari 400,000 kwa mwaka, lakini kinatoa 200,000. Gharama za kudumu ni dola bilioni 1.2 kwa mwaka. Kila gari likiuzwa, baada ya kutoa vifaa na gharama nyingine zinazokwenda na idadi, hubaki dola 5,000. Magari 200,000 yanaleta dola bilioni 1, kwa hiyo kila kampuni inapoteza dola milioni 200. Zikiungana bila kugusa kitu, zinapoteza milioni 400 kwa pamoja. Zikifunga kiwanda kimoja na kuhamishia kazi yote kwenye kingine, magari 400,000 yanaleta bilioni 2, ukitoa bilioni 1.2 zinabaki faida ya milioni 800.

Sasa punguza matumaini. Hakuna kiwanda kinachofanya kazi kwa asilimia 100 mwaka mzima, na wateja wengine watahamia kwa washindani katikati ya vurugu. Weka magari 360,000: faida inashuka hadi milioni 600. Kisha ondoa malipo ya wafanyakazi wanaoachishwa, kusafisha eneo, kuvunja mikataba ya wasambazaji wa vipuri na kuhamisha mashine. Fedha hizo hutoka miaka miwili ya kwanza, wakati faida huja baadaye. Kampuni isiyo na akiba ya taslimu inaweza kuishiwa katikati ya njia.

Kwa hiyo dawa ni muungano au ni kufunga viwanda?

Ni kufunga viwanda na kuacha kutengeneza magari yanayofanana. Muungano ni ruhusa tu ya kufanya hivyo, na mara nyingi ruhusa hiyo haitumiki.

Mwaka 1968 Uingereza iliunganisha Leyland na British Motor Holdings ikapatikana British Leyland. Majina yaliunganishwa, lakini viwanda na aina za magari zilizoshindana zenyewe kwa zenyewe zikaachwa ziendelee. Mwaka 1975 serikali ikalazimika kuichukua. Upande wa pili, Renault ilipoingia Nissan mwaka 1999 kwa kununua asilimia 36.8 ya hisa, mpango uliotangazwa Oktoba mwaka huohuo chini ya Carlos Ghosn, aliyetumwa na Renault kuiongoza Nissan, ulitaja viwanda vitano vya kufungwa na kazi 21,000 za kupunguzwa. Nissan ilirudi kwenye faida katika mwaka wa fedha wa 2000. Mengine yaliyompata Ghosn baadaye, pamoja na kukamatwa kwake Novemba 2018, ni habari nyingine, lakini hayafuti somo la mwanzo: palikuwa na mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusema kiwanda fulani kinafungwa na kikafungwa.

Mfano wa karibu zaidi ni Opel. General Motors ilishindwa kuipatia Opel faida ya mwaka tangu 1999. PSA, wamiliki wa Peugeot na Citroën, waliinunua mwaka 2017, na mwaka 2018 ikaanza kuingiza faida. Walichofanya hakikuwa cha ajabu: magari ya Opel yalihamishiwa kwenye misingi na injini za PSA, aina zisizouzika zikaachwa, na gharama za kazi zikajadiliwa upya kiwanda kwa kiwanda.

Honda na Nissan walipotaka kuungana, walishindwana wapi?

Walishindwana juu ya nani awe bosi. Inafaa kuifuata hatua kwa hatua, kwa sababu Nissan ni jina tunalolijua hapa kupitia Caravan, Civilian, X-Trail na Patrol.

Katika mwaka wa fedha wa 2017 Nissan iliuza magari milioni 5.77 duniani. Mwaka wa fedha wa 2024, unaoishia Machi 2025, iliuza takriban milioni 3.35. Viwanda vilivyojengwa kwa ajili ya idadi ya kwanza vilibaki vinahudumia idadi ya pili. Novemba 2024 ilitangaza kupunguza kazi 9,000 na asilimia 20 ya uwezo wa uzalishaji. Habari za mazungumzo na Honda zilipovuja, tarehe 18 Desemba 2024, hisa za Nissan ziliruka kwa karibu asilimia 24 kwa siku moja, na za Honda zikashuka. Soko lilikuwa linasema waziwazi nani anasaidiwa na nani anabeba mzigo.

Tarehe 23 Desemba walisaini hati ya makubaliano ya awali: kampuni mama moja juu ya zote mbili, Honda ikiteua wajumbe wengi wa bodi na rais, na hisa mpya kuorodheshwa Tokyo Agosti 2026. Siku hiyohiyo Honda ilitangaza kununua hisa zake yenyewe hadi yeni trilioni 1.1, na siku iliyofuata bei yake ikapanda sana. Thamani ya Honda sokoni ilikuwa takriban mara nne ya Nissan. Kisha Honda, ikiona mageuzi ya Nissan yanakwenda polepole, ikapendekeza Nissan iwe kampuni tanzu yake moja kwa moja. Nissan ikakataa. Tarehe 13 Februari 2025 mazungumzo yakavunjwa rasmi.

Kwa maoni yetu Honda ilikuwa na haki ya kudai hivyo. Hakuna mwenye akili atakayeweka fedha za wanahisa wake kwenye viwanda vilivyolala bila kupewa funguo. Na mambo yaliyofuata yaliitetea: Mei 2025 Nissan ilitangaza hasara halisi ya yeni bilioni 670.9 kwa mwaka, ikaongeza idadi ya kazi za kupunguzwa hadi 20,000 na kusema viwanda vitatoka 17 hadi 10. Julai ikaongeza kwamba uzalishaji Oppama, kiwanda kilichofunguliwa 1961, utakoma mwishoni mwa mwaka wa fedha wa 2027. Novemba ikauza jengo la makao makuu Yokohama kwa yeni bilioni 97 na kubaki humo kama mpangaji.

Wakisema ni "muungano wa walio sawa", nielewe nini?

Elewa kwamba swali la bosi limeahirishwa. Daimler na Chrysler walitumia lugha hiyo Mei 1998, katika mpango wa dola bilioni 36 hivi. Miaka michache haikupita kabla ya Wajerumani kushika usukani wote, na mwaka 2007 Daimler iliuza asilimia 80.1 ya Chrysler kwa mfuko wa Cerberus katika mpango wa dola bilioni 7.4. Chrysler ikaomba ulinzi wa mufilisi Aprili 2009.

Soma mambo matatu kwenye tangazo: nani anateua mtendaji mkuu wa kwanza, nani ana viti vingi kwenye bodi, na makao makuu yatakuwa wapi. Yote matatu yakiwa upande mmoja, huo ni ununuzi, na si vibaya. Yakigawanywa nusu kwa nusu, jiandae kwa miaka ya kuvutana.

Uwiano wa kubadilishana hisa unasomwaje?

Hapa ndipo wawekezaji wadogo hupoteza fedha, kwa hiyo twende taratibu. Namba zifuatazo ni za kubuni.

Kampuni A, yenye nguvu, hisa yake ni yeni 1,200. Kampuni B, iliyochoka, ni yeni 400. Tangazo linasema kila hisa moja ya B itabadilishwa kwa hisa 0.4 ya A. Zidisha 0.4 kwa 1,200, unapata 480. Mwenye B ameahidiwa asilimia 20 juu ya bei ya jana.

Lakini ahadi hiyo ni ya hisa, si ya fedha. Tangazo likitoka, wenye A huogopa mzigo na kuuza. Tuseme A inashuka hadi 1,050. Sasa 0.4 mara 1,050 ni 420. Asilimia 20 imekuwa 5, na hakuna aliyekudanganya.

Hatua ya tatu ni kutazama B inauzwa kwa bei gani baada ya tangazo. Ikiwa 405 badala ya 420, pengo la yeni 15 ni hofu ya soko kwamba mpango utavunjika. Jiulize B itarudi wapi ukivunjika. Mara nyingi huenda chini ya bei ya mwanzo, kwa kuwa sasa udhaifu wake umeanikwa. Weka 330. Anayenunua B kwa 405 anawinda yeni 15 na kuhatarisha yeni 75. Soko linasema nafasi ya kufanikiwa ni 75 gawanya kwa 90, yaani asilimia 83 hivi. Kama huna sababu ya msingi ya kuamini kwamba nafasi ni kubwa kuliko hiyo, usinunue. Kusoma habari kwenye simu saa tatu usiku, wakati Tokyo imekwishafunga saa nyingi, si sababu ya msingi.

Kuna na vipande. Tokyo hisa huuzwa kwa kizio cha hisa 100. Mwenye hisa 300 za B atapata 120 za A: 100 zinauzika kawaida, 20 zinabaki pungufu ya kizio, hazina kura, na haziuziki kwa njia ya kawaida sokoni. Sheria ya Japani inakupa haki ya kuitaka kampuni izinunue, lakini ombi hupitia kwa dalali wako, na dalali wa nje hutoza ada inayoweza kumeza sehemu nzuri ya fedha yenyewe. Piga hesabu ya vipande kabla hujaamua idadi ya kununua.

Kwenye ripoti ya hesabu nianzie wapi?

Usianzie kwenye mauzo. Nissan iliuza bidhaa za yeni trilioni 12.6 katika mwaka wa fedha wa 2024 na faida ya uendeshaji ikawa yeni bilioni 69.8. Hiyo ni chini ya asilimia 0.6: katika kila yeni 1,000 zilizoingia, zilibaki chini ya sita kabla ya kodi na gharama za kupunguza thamani ya mali.

Nenda moja kwa moja kwenye mtiririko wa fedha taslimu wa kitengo cha magari. Kampuni hizi zina vitengo viwili: kutengeneza magari, na kukopesha wanunuzi. Kitengo cha mikopo kina madeni makubwa kwa asili yake na mara nyingi kina faida, hivyo kikichanganywa na cha magari kinaficha ugonjwa. Tafuta jedwali linalotenganisha viwili hivyo. Kitengo cha magari kikitumia taslimu kuliko kinavyoingiza kwa miaka miwili mfululizo, gawanya akiba yake kwa kiasi kinachovuja kwa mwaka, na utajua imebakiwa na muda gani wa kupumua. Muda huo ndio unaoamua nguvu yake mezani.

Halafu tazama uwezo wa viwanda. Kipimo kinachozungumzwa kwenye biashara hii ni kwamba kiwanda kinahitaji kufanya kazi karibu na asilimia 80 ya uwezo wake ili kisile hasara. Kampuni nyingi hazikupi namba hiyo tayari. Gawanya uzalishaji wa mwaka kwa uwezo uliotangazwa.

Tatu, magari yaliyolala kwa wauzaji. Kampuni huhesabu mauzo inapomkabidhi muuzaji wa jumla, si pale mteja anapoondoka na ufunguo. Stoo ikijaa, punguzo linakuja, na punguzo hilo litaonekana kwenye hesabu za robo mwaka ijayo.

Nne, tarehe za kulipa madeni na daraja la mkopaji. Mapema 2025 wakala wakubwa wa ukadiriaji waliishusha Nissan chini ya daraja la uwekezaji. Kuanzia hapo kila mkopo mpya unakuwa ghali, na mifuko mingine hairuhusiwi tena kushika hati fungani zake.

Pensheni za wafanyakazi nazo zisome kwenye maelezo ya mwisho wa ripoti. Ni deni, hata kama halijaandikwa kwenye ukurasa wa mbele.

Nini huharibika baada ya kusaini?

Kwanza, ukaguzi wa kina unaofanywa kwa haraka. Mwaka 1954 Packard ya Marekani iliichukua Studebaker, kisha ikagundua kwamba Studebaker ilihitaji kuuza magari mengi sana kuliko ilivyoambiwa ili tu isile hasara. Packard ndiyo iliyokuwa na afya zaidi. Jina lake likafa 1958, na Studebaker yenyewe ikaacha kutengeneza magari 1966. Mzima alizikwa kabla ya mgonjwa.

Pili, vifungu vya mkataba vinavyosahaulika. Mwaka 2000 General Motors ilichukua asilimia 20 ya Fiat Auto na kukubali kifungu kinachoipa Fiat haki ya kuilazimisha inunue zilizobaki. Hali ya Fiat ilipoharibika, GM ililipa takriban dola bilioni 2 mwaka 2005 ili kujitoa tu. Kwenye tangazo lolote tafuta maneno kama "haki ya kuuza", "haki ya kununua" na "fidia ya kuvunja mkataba".

Tatu, mnunuzi kuchoka. BMW ilinunua Rover mwaka 1994 kwa pauni milioni 800, na mwaka 2000 ikaiachia biashara ya magari ya Rover kwa pauni 10. Aprili 2004 DaimlerChrysler ilikataa kuongeza mtaji Mitsubishi Motors, ingawa ilikuwa mwanahisa wake mkubwa. Kampuni mama haina wajibu wa milele.

Nne, na hili linawapata hata waliofaulu: kubana matumizi kupita kiasi. Stellantis ilizaliwa tarehe 16 Januari 2021 kutoka Fiat Chrysler na PSA, ikiwa na nembo 14. Ilifikia malengo yake ya kuokoa gharama kabla ya muda, na mwaka 2023 faida halisi ilikuwa euro bilioni 18.6. Mwaka 2024 ilikuwa bilioni 5.5. Bei zilipandishwa mno Marekani, magari yakajaa kwa wauzaji, na mtendaji mkuu Carlos Tavares akajiuzulu tarehe 1 Desemba 2024. Mwekezaji aliyehesabu akiba ya gharama bila kuuliza mnunuzi wa Jeep, mojawapo ya nembo hizo, analipa nini aliona nusu ya picha.

Huchukua muda gani?

Mwaka mmoja hadi miwili, mpango ukienda vizuri. Fiat Chrysler na PSA walitangaza mwishoni mwa Oktoba 2019, wakasaini mkataba Desemba 2019, wakapata idhini ya Tume ya Ulaya Desemba 2020 baada ya kukubali masharti kuhusu magari madogo ya mizigo, wanahisa wakapiga kura tarehe 4 Januari 2021. Katikati yake janga la korona liliwafanya wapunguze gawio maalumu la wanahisa wa Fiat Chrysler kutoka euro bilioni 5.5 hadi 2.9. Japani, muungano wa namna hii huhitaji theluthi mbili ya kura za wanahisa. Na kura si mapambo: mwaka 1993 upinzani wa wanahisa wa Volvo ulivunja mpango wa kuungana na Renault, na mwenyekiti Pehr Gyllenhammar akaondoka.

Nikiwa Mwanza, nanunuaje hisa hizi?

Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE) halina mtengenezaji magari hata mmoja. Nairobi ipo Car & General, lakini hiyo ni kampuni ya kuuza na kuunganisha pikipiki na bajaji. Hisa za watengenezaji ziko Tokyo, New York, Milan, Paris na kwingineko, kwa hiyo unahitaji njia ya nje.

Anza na benki yako, kabla ya kufungua akaunti yoyote mtandaoni. Kanuni za fedha za kigeni zinatofautisha uwekezaji ndani ya Afrika Mashariki na SADC na uwekezaji wa kwingineko, ambako kibali cha Benki Kuu huingia. Benki Kuu ina tawi hapahapa Mwanza. Nenda ukaulize kwa maandishi na utunze jibu. Pili, muulize dalali aliyesajiliwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana kama ana utaratibu wa masoko ya nje. Tatu, andaa kitambulisho cha NIDA, TIN, uthibitisho wa makazi na maelezo ya chanzo cha fedha. Mwenye biashara ya samaki au mizigo aje na taarifa ya benki ya miezi sita, maana fedha taslimu bila kumbukumbu ndiyo inayokwamisha maombi mengi. Kwa hisa zinazouzwa Marekani utajaza fomu W-8BEN, ya kuthibitisha kwamba wewe si mkazi wa Marekani kikodi.

Kisha hesabu gharama. Ukipoteza asilimia 2 kubadilisha shilingi kwenda na asilimia 2 kurudi, hisa inabidi ipande zaidi ya asilimia 4 ndipo urudishe mtaji wako, kabla ya kamisheni. Kwa mtaji wa shilingi laki tano au milioni moja, ada za chini za kutuma fedha zinaweza kuzidi hapo. Kwa kiasi hicho tungekushauri ubaki DSE au hati fungani za serikali.

Kodi ya gawio?

Hukatwa hukohuko kabla hujaiona. Japani hukata asilimia 15.315 kwa hisa zilizoorodheshwa: gawio la yeni 10,000 linakufikia 8,468. Uholanzi, ambako Stellantis imesajiliwa, ni asilimia 15. Marekani ni asilimia 30 kwa mkazi wa nchi isiyo na mkataba wa kodi nayo, na Tanzania haina. Mapato hayo yanabaki ya kutangazwa TRA. Peleka hati ya makato kwa mshauri wako wa kodi. Kampuni iliyo kwenye shida mara nyingi husitisha gawio, hivyo usilipangie matumizi.

Nina Fuso mbili na duka la spea. Fuso na Hino kuungana kunanihusu?

Kunakuhusu, ila si haraka kama watu wanavyosema vijiweni.

Mitsubishi Fuso ilikuwa chini ya Daimler Truck, na Hino ilikuwa chini ya Toyota kwa asilimia 50.1. Walitangaza nia tarehe 30 Mei 2023 na kusaini mkataba wa mwisho tarehe 10 Juni 2025. Kilichowachelewesha ni kashfa ya Hino ya kughushi takwimu za moshi na matumizi ya mafuta ya injini, iliyofichuliwa Machi 2022. Januari 2025 Hino ilikubali malipo ya zaidi ya dola bilioni 1.6 Marekani. Hakuna mnunuzi makini anayesaini kabla hajajua ukubwa wa deni la namna hiyo. Kampuni mama iliitwa ARCHION, na mpango ulikuwa Daimler Truck na Toyota kila mmoja awe na asilimia 25, na hisa kuorodheshwa Tokyo Aprili 2026. Walisema pia vituo vya kutengeneza malori Japani vitatoka vitano hadi vitatu kabla ya mwisho wa 2028. Kauli hiyo ya mwisho ndiyo iliyotufanya tuupe mpango huu alama nzuri kuliko ule wa Honda na Nissan: walisema mapema nini kitafungwa na lini.

Kwa duka lako: Canter yenye injini ya 4D33 na Fuso yenye 6D16 au 6D17 zilizoko barabara ya Kahama, Sirari au kuvuka daraja la Kigongo–Busisi zilitengenezwa kabla ya haya yote. Muungano haubadilishi pistoni wala liner zake. Injini na ekseli za pamoja zitaanza kwenye malori mapya, na malori hayo yatafika kwetu yakiwa yametumika miaka mingi huko Japani. Usijaze stoo ya spea za miaka mitatu kwa hofu. Fedha yako italala huku spea za injini ya Hino J08E zikiulizwa na huna. Cha kufuatilia ni wakala. Kampuni mama zikiungana, uwakilishi wa nchi nao huweza kuunganishwa, na hapo mkopo wa spea uliozoea kupewa, masharti ya dhamana na hata mahali pa kuagiza vinaweza kubadilika ndani ya miezi michache. Muulize msambazaji wako mkataba wake wa uwakala unaisha lini.

UD, kampuni ya malori iliyoitwa zamani Nissan Diesel, inaonyesha kwamba kuhama mikono si kifo. Nissan Diesel ilichukuliwa na Volvo 2007, kisha UD ikaenda Isuzu 2021, na mwenye lori la UD bado anapata spea.

Kampuni ikifilisika kabla ya kuungana, mwanahisa anabaki na nini?

Kwa kawaida hana kitu. Hulipwa wenye dhamana, wafanyakazi, kodi na wakopeshaji kwanza. General Motors ilipoomba ulinzi wa mufilisi tarehe 1 Juni 2009, kampuni mpya iliendelea kutengeneza magari, lakini wenye hisa za kampuni ya zamani hawakupata chochote. Magari kuendelea kuonekana barabarani hakukulindi.

Nimeletewa kwenye kundi la WhatsApp "hisa za Nissan" kwa shilingi 50,000. Ni za kweli?

Hapana. Kizio cha Tokyo ni hisa 100, na hakuna mtengenezaji anayeuza hisa kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Usitume fedha. Uliza leseni, kisha ihakiki kwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana wewe mwenyewe.

Tayari nina hisa, na tangazo limetoka asubuhi hii. Nifanye nini?

Siku ya kwanza usiuze wala usinunue. Pakua tangazo lenyewe kutoka tovuti ya kampuni, si muhtasari wa habari, na uandike uwiano, tarehe ya kura, nani anateua bosi, viwanda vilivyotajwa na fidia ya kuvunja mkataba. Kama hakuna kiwanda kilichotajwa na hakuna uwiano, ulichonacho ni hati ya nia tu.

Ukiwa na hisa za kampuni dhaifu na bei imeruka asilimia 20 au zaidi kwa hati ya nia, sisi tungeuza angalau nusu. Walioshika Nissan kuanzia Desemba 2024 wakingoja ndoa ikamilike walibaki na kampuni ileile yenye viwanda vilevile. Ukiwa na hisa za kampuni yenye nguvu, subiri uone kama inadai funguo. Ikidai na ikanyimwa, kuvunjika kwa mpango ni habari njema kwako: zilipotoka taarifa mapema Februari 2025 kwamba mazungumzo yanavunjika, hisa za Honda zilipanda kwa zaidi ya asilimia 8 siku hiyo.

Mwisho, muulize dalali tarehe ya mwisho ya yeye kupokea maelekezo ya kura na ya vipande vya hisa. Tarehe yake hutangulia ile ya kampuni kwa siku kadhaa, na akaunti za nje zisizojibu huachwa nje ya kura.